Kusafisha feni ya laptopu mwenyewe: vumbi lenyewe liko wapi na unalitoaje

Haipiti wiki bila mtu kunitumia voisi, "kaka laptopu yangu inanguruma kama mashine ya kusaga, nimepuliza pale pembeni lakini wapi". Nikimuuliza umepuliza na nini, ananiambia kwa mdomo, au aliipeleka kwa jamaa wa gereji wakaipiga upepo wa kompresa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii usome.

Kuna kitu kimoja ukielewe kwanza maana ndo kinapoteza wengi. Vumbi linalochemsha laptopu sio lile unaloliona ukichungulia kwenye matundu ya chini, na wala sio lile la kwenye mapanga ya feni, hilo ni la rasharasha tu. Feni inavuta hewa kutoka chini na kuisukuma pembeni, ipite katikati ya mapezi membamba sana ya shaba au aluminiamu yaliyobanana kama meno ya kitana, yale ndo yanatoa nje joto la prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi za mashine. Vumbi likifika pale linakwama, linakutana na nywele na nyuzi za shuka, linashikana mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi kimeziba mlango mzima, na kimeziba kwa upande wa ndani, kati ya feni na mapezi. Sasa wewe ukipuliza kutoka nje kile kiblanketi kinarudi nyuma kidogo kuelekea kwenye feni, ukiwasha feni inakisukuma tena palepale. Ndo maana siku ya kwanza unaona nafuu, siku ya tatu yaleyale. Dawa yake ni kufungua na kukitoa kwa mkono, basi.

Mimi nipo Dodoma, na anayeijua Dodoma kiangazi upepo ukianza kupiga anajua nasemea nini, unafuta meza asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Huku nasafisha kila baada ya miezi sita. Kama wewe uko ofisi yenye ac na madirisha yamefungwa, mara moja kwa mwaka inatosha kabisa.

Hakikisha kwanza ni vumbi

Usikimbilie bisibisi. Washa laptopu, ipe kazi kama dakika kumi hivi, fungua video na tabu kadhaa, alafu weka mkono pale inapotolea hewa. Hewa ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, mapezi yapo wazi, shida inaweza kuwa pesti ya prosesa imekauka, yaani ile krimu inayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite kwenda kwenye shaba, au kuna programu inatafuna mashine. Ila ukisikia feni inapiga kelele kabisa alafu hewa inayotoka ni ya kugusa gusa tu, na chini ya laptopu kunaunguza mapaja, hapo kuna kiblanketi.

Ukitaka namba za joto, weka programu ya kulipima, HWMonitor au Core Temp kwenye Windows, wa Linux mnaandika sensors kwenye taminali. Prosesa nyingi za Intel za laptopu mwisho wake ni nyuzi 100, ikikaribia hapo inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, ndo pale unaona mashine imekuwa nzito ghafla bila sababu. Yangu ikiwa imetulia haifanyi kitu inakaa 40 mpaka 50. Kama yako imetulia tu na inasoma 70, fungua.

Na tafadhali angalia kama laptopu yako ina feni kweli. MacBook Air za chipu ya M1 hazina, na vile vilaptopu vidogo vya prosesa ya Celeron vingi havina pia. Kuna dada alifungua yake akaanza kunilalamikia fundi kamuibia feni.

Vitu vya kuandaa

Bisibisi ndogo za nyota, nunua ile seti ya kufungulia simu, lakini isiwe ile laini ambayo kichwa kinalika skrubu ya kwanza tu. MacBook zinataka ya kwake yenye pembe tano, usilazimishe na ya bapa.

Kadi ngumu ya plastiki ya kubandulia kava, kadi ya benki iliyoisha muda inafaa sana, au ile piki ya gitaa. Kisu hapana, bisibisi bapa hapana, utakwangua kava na ukizamisha sana utakata waya.

Brashi laini. Ya kupakia rangi ile ndogo, au mswaki mpya laini. Nasema mpya.

Kile kipira cha kupulizia cha wasafisha kamera, unakiminya kinatoa pumzi. Kama una kopo la hewa ni sawa pia, ila lishike wima, ukililaza linatema maji ya baridi kali badala ya hewa.

Kibano cha nyusi, vijiti vya pamba vya masikio, na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99 ukiipata, maana ile ya 70 iliyobaki yote ni maji kwaiyo uwe na subira ikauke. Sanitaiza ya mikono usijaribu, ina mafuta mafuta yanabaki kama ute.

Pesti ya prosesa, katyubu kadogo ka Arctic MX-4 au inayofanana nayo. Hata kama hujapanga kutoa hitisinki, ile shaba inayokaa juu ya prosesa na kupeleka joto kwenye mapezi, nakushauri uwe nayo mkononi kabla hujaanza, nitaeleza kwanini.

Kipande cha karatasi na selotepu ya kupangia skrubu. Na simu ya kupiga picha kila hatua.

Kazi yenyewe

Leo kwenye meza nina ThinkPad T480 maana za mtumba zimejaa mtaani na wengi wanaoniuliza wanazo, yako ikiwa HP au Dell mpangilio utatofautiana ila kazi ni ileile. Andika jina kamili la modeli yako YouTube, angalia mtu akiifungua mara moja mpaka mwisho kabla hujagusa chochote.

1. Zima laptopu kabisa. Sio kufunika, sio kuilaza usingizi, zima. Chomoa chaja, chomoa flashi, mausi, kadi ya memori, kila kitu.

2. Ua betri. Kama betri yako ni ya kuchomoa kwa nje chomoa, hapo umemaliza. T480 ina mbili, moja ya nje na moja imejificha ndani, kwaiyo ile ya ndani unaizimia kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kabla hujafungua: washa huku unabonyeza F1, ingia Config, ingia Power, chagua Disable Built-in Battery, itajizima yenyewe. Alafu ndo unageuza na kuchomoa ya nje. Laptopu nyingine ambazo hazina hicho kipengele, betri utaitoa kwenye plagi yake ukishafungua kava, iwe kitu cha kwanza kabisa kugusa. Na ukifungua ukakuta betri imevimba kama andazi, funga taratibu, usiibonyeze wala kuitoboa, hiyo sio kazi ya leo.

3. Legeza skrubu za kava ya chini. Za T480 hazitoki, zinazunguka tu zinabaki kwenye kava, kwaiyo usiendelee kuzungusha nusu saa ukisubiri idondoke. Kwenye laptopu nyingine zinatoka na hazilingani urefu, hapa ndo karatasi inafanya kazi: chora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu palepale ilipotoka. Usiseme nitakumbuka. Skrubu ndefu ukiikaza kwenye tundu la fupi inatokeza upande wa pili, kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) au chini ya kibodi, nimeona laptopu zenye vipele juu pale unapolaza kiganja, vile ni skrubu.

4. Bandua kava. Pitisha kadi kwenye mstari, anzia kwenye kona yenye nafasi, utasikia taka taka taka, hizo ni klipu zinaachia, kawaida. Lakini ikigoma sehemu moja ACHA, kuna skrubu umeisahau. HP nyingi za nyumbani wanazificha chini ya miguu ya raba, bandua ile raba utaikuta imetulia. Anayenyanyua kwa nguvu ndo anayevunja klipu, baadae kava inakaa imeachama.

Kava ikitoka piga picha ya ndani yote kabla hujagusa kitu. Gusa chuma chochote kikubwa cha karibu, bomba la maji au fremu ya dirisha, kutoa umeme wa mwilini, na kama unafanyia kazi juu ya zulia au blanketi la manyoya hamia mezani.

5. Ukishaua betri bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 20 umalizie umeme uliobaki ndani. Watu wanairuka hii. Usiiruke.

6. Chomoa plagi ya feni. Ni kile kiplagi kidogo chenye nyaya tatu au nne kinaingia kwenye mazabodi. Hapa nenda polepole maana mimi hapahapa ndo nilipolia. Laptopu yangu ya kwanza kuifungua nilishika zile nyaya nikavuta kwenda juu, ikatoka plagi pamoja na soketi yake kutoka kwenye ubao, nikabaki nayo mkononi naitazama kama mjinga. Kuirudisha nilihitaji mtu wa kulehemu vitu vidogo, na ilinigharimu kuliko ningempa fundi aisafishe mara tano. Kwaiyo usivute nyaya. Shika plagi yenyewe kwa kucha mbili kushoto na kulia, ichezeshe kidogo kidogo itoke kufuata ilivyoingia, nyingi zinatoka kwa pembeni, chache zinatoka kwa juu, ndo umuhimu wa ile video.

7. Toa feni. Hapa laptopu zinagawanyika makundi mawili.

Kuna ambazo feni inatoka peke yake, skrubu mbili au tatu, unainyanyua na hitisinki inabaki. Hizi ndo rahisi, ukishainyanyua tu kile kiblanketi unakiona kimekaa mbele ya mapezi kinakusubiri.

Kuna ambazo feni na hitisinki ni kitu kimoja, T480 ikiwemo, kwaiyo kuifikia lazima unyanyue vyote kwenye prosesa, na ukishanyanyua pesti imevunjika, lazima uweke mpya. Ndo maana nilisema uwe nayo. Mtu ananyanyua, anaona pesti ya zamani bado ipo ipo, anarudisha hivyohivyo, alafu ananiambia nimesafisha lakini sasa inachemka kuliko mwanzo. Skrubu za hitisinki zina namba zimeandikwa pembeni, 1, 2, 3, 4. Kulegeza anza na ya mwisho kurudi kwenye 1, kila moja kidogo kidogo, usimalize moja ukahamia nyingine. Ikigandia usinyanyue kwa nguvu, izungushe kushoto kulia kidogo mpaka iachie.

Ukiona feni imeunganishwa na mapezi kwa kiutepu cheusi au cha rangi ya fedha, kibandue taratibu usikitupe, kile kinazuia hewa isivujie pembeni na utakirudisha.

8. Toa kiblanketi. Tumia kibano, kishike kwenye kona, kivute kizima kizima. Kikitoka kizima ni raha ya ajabu, sijui kwanini. Cha kwangu cha mwezi wa nane kilikuwa na rangi ya tofali kabisa, na katikati mguu wa mende. Mabaki yaliyozama kwenye mapezi yatoe kwa brashi ukifuata mstari wa mapezi, usikate kwa mlalo utayapinda, yale ni laini kama karatasi ya sigara. Malizia kwa kupuliza kutoka upande wa nje kuja ndani, saa hizi kiblanketi hakipo kwaiyo uchafu unatoka moja kwa moja. Inua uyatazame mapezi kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita kila mahali umemaliza.

9. Safisha mapanga ya feni. Weka kidole kuzuia yasizunguke, kisha brashi, panga moja moja, na kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo kwa ule uchafu wa mafuta unaoganda kwenye ncha. Kile kidole ni lazima. Ukipuliza feni ikazunguka yenyewe kwa kasi kuliko ilivyotengenezwa unaua beringi yake, na wanaopenda ule mlio wa "viiiiii" ndo haohao baada ya wiki feni inakoroma. Usiilowanishe, usiweke mafuta ya cherehani, usiioshe na maji. Nimeulizwa zote tatu.

10. Pesti, kwa waliotoa hitisinki tu. Futa ya zamani kwenye prosesa na kwenye shaba kwa kitambaa chenye alkoholi mpaka pang'ae, subiri pakauke, weka mpya ukubwa wa punje ya mchele katikati ya kile kioo cha prosesa. Ukiona kuna vipande laini kama ufizi vimebandikwa kwenye chipu za pembeni, hivyo viache, sio pesti, na pesti haiwezi kushika nafasi yake maana vina unene. Rudisha hitisinki inyooke, ikae bila kutelezateleza, kaza 1, 2, 3, 4, kwanza zote nusu, alafu raundi ya pili ndo unamalizia. Ikishakaa usikaze kwa hasira.

11. Rudisha kiutepu, rudisha plagi ya feni mpaka ikae vizuri, linganisha na picha uliyopiga. Hakikisha nyaya hazipiti juu ya mapanga. Kwenye kava, yale matundu ya kuingizia hewa yapige brashi kwa ndani, huwa yanasahaulika kabisa na yenyewe yameziba.

12. Rudisha betri, weka kava, sikiliza klipu zote zilie, skrubu mbili tu kwanza. Washa. Ikiwaka na hewa inatoka ndo unamalizia zilizobaki, kuliko ukaze zote kumi alafu ukumbuke plagi ya feni.

Mambo ya kuachana nayo

Kompresa ya gereji. Presha yake ni kubwa mno kwa kitu kidogo hivi, na mle kwenye tenki mna maji na mafuta, jaribu kuielekeza kwenye karatasi nyeupe uone inachotema. Vakyumu klina ya nyumbani nayo hapana, brashi yake inatengeneza umeme wa msuguano, na inaweza kukumezea skrubu. Draya ya nywele... jamani, unaleta joto kwenye kitu unachotaka kipoe.

Na laptopu kitandani. Wanafunzi wa hosteli nawaambia nyie, shuka linaziba matundu ya chini na hapohapo linalisha feni nyuzi. Weka hata kitabu kigumu au sinia chini yake.

Ukimaliza ikakugomea

Haiwaki kabisa. Usipaniki. Kwenye ThinkPad uliyozima betri kwenye bayosi haiwezi kuwaka mpaka uchomeke chaja, ndo inavyofufuka. Zilizobaki angalia plagi ya betri imeingia mpaka mwisho.

Inawaka inaandika "Fan error" alafu inazima, au kwenye HP inakuletea ujumbe wa feni wenye 90B. Feni haizunguki. Mara nyingi plagi haijakaa, ama waya umebana panga. Rudi hatua ya 11.

Feni inakwaruza krrr krrr. Kuna waya au kiutepu kinagusa panga, au skrubu ya feni haijakaza imekaa upande, au imedondokea skrubu ndani, itikise uisikie. Ikikwaruza hata ukiwa umeishika mkononi unaizungusha kwa kidole, beringi imeisha.

Bado inachemka vilevile. Kama hukutoa hitisinki, pesti imekauka, laptopu ya miaka mitano sita usishangae. Kama ulitoa, umeweka na haijakaa sawa au umekaza upande mmoja. Kabla ya kufungua tena lakini fungua Task Manager uangalie nini kinakula prosesa, nimeshafungua laptopu ya mtu mara mbili kumbe ni antivairasi mbili zinagombana.

Wi-Fi imekuwa dhaifu. Ulichomoa au ulilegeza vile viwaya viwili vyembamba, cheusi na cheupe au cha kijivu, vinavyobonyezwa kwenye kadi ya Wi-Fi. Vibonyeze mpaka vilie tik.

Na wa Pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, nyie vumbi lenu linakuja na unyevu na chumvi, linaganda kama udongo wa mfinyanzi na mara nyingi linakuta beringi imeshaanza kutu. Feni ikiwa hivyo usipoteze jioni nzima kuibembeleza. Soma namba kwenye stika iliyo mgongoni mwa feni, ndefu ndefu ile, tafuta yenye namba hiyohiyo pamoja na modeli ya laptopu, na kabla hujalipa hesabu nyaya za plagi kama ni tatu au nne na uzilinganishe na zako, maana nyingine zinafanana kila kitu mpaka unapofika kwenye plagi.